Tupeane uzoefu: umerudi kazini magharibi, kuku bado barafu, watoto wana njaa

Mama wa Fuoni
Assalaam alaykum wote. Jana yamenifika na mpaka sasa moyo haujatulia. Nimetoka kazini saa kumi na moja, gari nimeipata kwa kugombania, nafika nyumbani magharibi inaadhiniwa. Asubuhi nilimwambia mkubwa wangu akirudi chuoni amtoe kuku kwenye friza. Kasahau. Mapaja manane yameshikamana jiwe moja, kisu hakiingii. Nikayatia kwenye beseni la maji ya moto, nje yakalainika, nikaona tayari, nikayakaanga mbio mbio kwa sababu mdogo wa miaka minne keshaanza kulia. Kwa nje yakawa mekundu, yanapendeza. Tumekaa mkekani, mdogo kauma mara moja, akalitoa mdomoni akanionesha: "Mama, huyu bado ana damu." Nikalipasua langu. Kwenye mfupa nyama mbichi, na ukiigusa ni baridi. Nikakusanya sahani zote. Wamelala na mkate na chai, na mie nikabaki jikoni nalia.

Watoto watano, baba yao yuko baharini siku tatu siku nne. Nyinyi munaorudi magharibi, kuku munampika vipi akaiva na watoto wakala kabla hawajasinzia?

Ukhti Jang'ombe
Hiyo damu ya kwenye mfupa naijua mimi. Pole mwenzangu.

Baba Pacha, Chake
Dada, kosa halikuwa la mtoto, ni hilo jiwe. Mke wangu anafundisha, mie niko dukani mpaka ishaa, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku yetu ya kuku. Nanunua wanne, nawakata vipande vidogo, paja natoa mawili. Natia chumvi, thomu na tangawizi iliyopondwa, pilipili manga, ndimu. Halafu nagawa kwenye mifuko, mfuko mmoja chakula cha usiku mmoja, na kila mfuko naulaza bapa kwenye friza, unene wa vidole viwili, si kuurundika. Mfuko bapa ukiuzamisha na plastiki yake kwenye maji ya kawaida, nusu saa umeachia. Nusu saa hiyo hiyo wewe unaosha mchele na kumenya mbatata. Maji ya moto usirudie tena, yanapika nje na kuacha barafu ndani.

Shangazi Konde
Yote sawa, ila ndimu usimtie kuku anayekwenda kulala kwenye friza. Ndimu inampika. Ukimtoa nyama imekuwa nyeupe, inavunjika kama biskuti. Ndimu ni siku ya kupika.

Baba Pacha, Chake
Shangazi, mie natia miaka yote na watu wanakula.

Shangazi Konde
Wanakula kwa sababu wanakupenda.

Mama wa Fuoni, sikiliza mwanangu. Usiku wa kazi si usiku wa nazi. Pika chukuchuku. Kuku wa kizungu mmoja, vipande 12. Mtie sufuriani na maji ya kumfunika, chumvi, thomu punje sita umeziponda, kitunguu maji kimoja, tungule mbili umezikata, pilipili manga, mbatata. Pilipili mbuzi moja. Funika, moto wa wastani, dakika 40 kaiva mpaka mfupani, kwa sababu anachemka, hakaangwi. Ukishazima ndiyo unakamua ndimu. Wali mweupe pembeni, au muhogo wa kuchemsha. Hakuna kukaanga, hakuna kukamua tui, sufuria ya kuosha ni moja. Mie nimelea saba kwa chukuchuku na shamba la karafuu juu yake.

Mtoto wa Malindi
Kwa heshima zote shangazi, chukuchuku ni chakula cha mgonjwa. Mtu katoka kazini kachoka, unamwekea maji ya kuku? Kuku bila ya tui mie simuiti mchuzi.

Shangazi Konde
Mwanangu, nani anayekukunia nazi hapo kwenu?

Mtoto wa Malindi
Mama.

Shangazi Konde
Basi kaa wewe kwenye mbuzi, ukune mbili, ukamue tui la kwanza na la pili, uoshe na kifumbu cha kuchujia. Kisha njoo unieleze habari za mchuzi.

Ukhti Jang'ombe
Haya yakhe musigombane. Tui la paketi lipo siku hizi, na mie nalitumia Jumatatu mpaka Alkhamisi bila ya kuona haya. Nazi ya kukuna ni ya Ijumaa.

Mtoto wa Malindi
Tui la paketi tena! Bora hiyo chukuchuku.

Mkaazi wa Kwerekwe
Baba Pacha, maneno yako ya friza yamenirudisha mbali, na sikudhani nitakuja kuyaandika haya.

Disemba 2009. Unguja sote tunaujua ule mwezi. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa atimize arubaini siku ya Jumapili. Nilinunua katuni tatu za mapaja, kilo 10 kila moja, nikajaza friza la mama mkwe mpaka mfuniko ukakataa kufunga. Alkhamisi umeme ukaondoka. Mwaka wa nyuma yake, 2008, tulishakaa gizani Mei mpaka Juni, kwa hiyo kila mtu alikuwa na khofu, lakini tukajipa moyo kwamba safari hii ni ya usiku mmoja. Tukalifunika friza kwa mablanketi. Ijumaa bado ubaridi upo. Nimezunguka mjini kutafuta barafu, hakuna, kila mlango jenereta linanguruma. Jumamosi asubuhi nimeamka nikakanyaga maji chini ya friza. Maji ya waridi.

Mke wangu hajamaliza siku zake, lakini alinyanyuka kitandani. Tukaazima seredani tatu kwa majirani. Makaa yalikuwa yamepanda bei, nikakopa gunia. Tumekaanga toka asubuhi mpaka usiku wa manane: chumvi, ndimu na bizari tu, tunawakausha kabisa ili wakae. Kila sahani iliyojaa tunampa mtoto wa jirani, peleka nyumba ile, peleka na ile. Katuni mbili tumeziokoa. La tatu tulipolifungua harufu ilishageuka. Mama mkwe akasema hapana, hata kwa siki hapana. Nikachimba shimo nyuma ya mwembe nikalifukia usiku ule ule, na pesa ilikuwa ya mkopo.

Arubaini tumeifanya kwa kandili. Umeme umerudi Machi 2010, mwanangu keshaanza kujigeuza kitandani. Mpaka leo hii sinunui kuku wa zaidi ya siku tatu. Nanunua Darajani, nachinjiwa, nanyonyolewa, usiku tunamla.

Baba Pacha, Chake
Pole sana kaka. Sisi Pemba wakati ule tulikuwa kwenye majenereta, waya wa umeme wa kutoka Tanga ulikuwa haujafika, umekuja huo huo 2010. Lakini kukosa umeme hatufundishwi. Mie nasema friza la wiki moja, si la shughuli.

Muuguzi wa Zamu
Mama mkwe kafanya jambo kubwa. Kuku akishanuka, siki na ndimu zinaficha harufu tu, sumu inabaki. Na aliyekwisha kuyeyuka mkamrudisha kwenye friza mbichi, musifanye. Mpikeni kwanza.

Nuru ya Bububu
Mie natumia sufuria ya presha, na nataka kueleza kwa nini sasa naitumia kwa adabu.

Ramadhani ya mwaka juzi. Nimetoka kazini saa kumi na nusu, gari ya Bububu, ile ya 502, imekaa njiani, naingia ndani imebaki dakika 40 adhana iadhiniwe. Nikasema leo kuku wa nazi kwa presha, mambo yote pamoja. Nikatia kuku, mbatata, kitunguu, halafu tui zito la nazi mbili nililolikamua haraka, sikulichuja vizuri. Nimejaza mpaka juu. Nikafunga, nikawasha gesi moto mkubwa. Mwanangu wa miaka mitatu kakaa chini pale pale, mgongo kaupa jiko, anacheza na kifumbu. Mama mkwe yuko kwenye kibao mlangoni anachambua mchicha.

Dakika zinapita, firimbi kimya. Hata mvuke hautoki. Nikadhani bado haijashika moto, nikazidi kukata kachumbari. Mama mkwe akamwita mtoto: "Njoo bibi akutume, niletee sahani ya tende chumbani." Mtoto akataka kukataa. Akamwita tena kwa ukali. Akenda. Naapa hajafika mlango wa chumba.

Sauti ile sijui niifananishe na nini. Mfuniko umekwenda juu umetoboa dari. Jiko limelala upande, miguu imepinda. Tui limetapakaa ukuta mzima mpaka kwenye kalenda, na pale alipokuwa kakaa mtoto pana sufuria imeinama na vipande vya kuku vinatoa moshi. Kifumbu kimebabuka. Mkono wangu wa kulia kutoka kifundo mpaka kiwiko umepata mvuke. Mimi nilikuwa napiga kelele jina la mtoto, na yeye kasimama mlangoni na sahani ya tende, haelewi.

Mama mkwe hakunigombeza. Alizima gesi kwanza. Akanishika mkono, akautia kwenye ndoo ya maji ya mtungi, akaushikilia humo muda mrefu bila ya kusema neno, mpaka adhana ikatukuta pale pale. Tumefuturu kwa zile tende na uji wa jirani. Baadae fundi kaniambia kitundu cha firimbi kilizibwa na chicha.

Ukhti Jang'ombe
Subhanallah. Subhanallah. Mtoto hakuguswa hata kidogo?

Mama wa Fuoni
Nimesoma nimesimama. Alhamdulillahi.

Mtoto wa Malindi
Mama kaniambia nikuulize, mkono umepona?

Baba Pacha, Chake
Presha ziondoke majumbani tu. Sufuria na kuni havijamuua mtu.

Muuguzi wa Zamu
Kuni nazo nawapokea walioungua kila wiki, kaka. Presha haina ubaya ikiwekwa inavyotakiwa: isijae kupita theluthi mbili, mpira uwe mzima, na kila siku uangalie kitundu kama kinaona mwanga. Tui lina povu, povu linapanda na kuziba. Chemsha kuku kwa maji na viungo, uache mvuke utoke wote wenyewe, fungua, ndipo utie tui wazi bila ya mfuniko. Na mkono ulioungua, maji baridi kama alivyofanya bibi, dakika 20. Si dawa ya meno, si unga.

Nuru ya Bububu
Hakuguswa. Mkono umepona, umebakia alama. Kifumbu kile nimekitundika jikoni, sikitupi.

Mtoto wa Malindi
Mie nauliza jengine. Bibi katuletea jogoo wa kienyeji kutoka Makunduchi, kachemshwa saa mbili bado mpira. Jirani anasema tutie vidonge viwili vya maumivu ya kichwa, analainika papo hapo. Nasikia wengi wanafanya.

Muuguzi wa Zamu
Usithubutu. Hiyo ni dawa, si kiungo. Hujui kila sahani imeingia kiasi gani, na ikizidi inaharibu ini, mtoto mdogo ndiye wa mwanzo. Jirani mwambie na yeye aache leo.

Shangazi Konde
Papai bichi lipo, watu wanatia vidonge! Paruza kijiko kimoja, msuguze jogoo na chumvi, nusu saa, kisha mchemshe. Usimwache kutwa, atakuwa uji. Na jogoo wa Makunduchi si wa siku ya kazi. Mpe Ijumaa yake.

Ukhti Jang'ombe
Mama wa Fuoni, kama watoto wanataka wa kupaka: mie namchemsha baada ya alfajiri na thomu, tangawizi na manjano mpaka aive kabisa, akipoa kidogo anaingia frijini. Magharibi namuweka juu ya makaa mpaka apate alama. Pembeni tui linachemka na chumvi, pilipili na manjano. Moto mdogo, upawa usitoke mkononi, usifunike, ukiliacha linakatika. Likishakuwa zito nazima, ndimu, nampaka, namrudisha kwenye makaa dakika tano. Kazi ya jioni haifiki nusu saa.

Mkaazi wa Kwerekwe
Na tungule?

Ukhti Jang'ombe
Kwenye kupaka? Hapana.

Mama wa Fuoni
Nimerudi. Jumapili nitafanya mifuko ya bapa, ya siku tatu tu. Leo nimepita kununua kuku mmoja akakatwa vipande 12 pale pale, nimepika chukuchuku. Saa moja na nusu tulikuwa mkekani. Mdogo kalichukua paja lake, kalipasua kwa vidole, kaangalia mfupa huku na huku, akaniangalia mimi, halafu akala. Kaomba mchuzi mara mbili. Shangazi, ile pilipili mbuzi ulimaanisha nzima au niipasue? Leo nimeogopa, sikuitia.

Shangazi Konde
Nzima, na kikonyo chake. Itoe kabla ya kupakua.