Scrabble ya Kiswahili kwenye kompyuta: K moja haitoshi!

Mama wa Tanga:
Habari zenu wapendwa. Kila Jumamosi baada ya chakula cha usiku tunacheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi kuunda maneno, kwenye kompyuta: mimi, baba watoto, bibi, na wanangu wa miaka 8 na 12. Maneno tunaweka ya Kiswahili, lakini herufi ni za seti ya Kiingereza. Kati ya vipande 100, K ni moja tu, E ziko 12! Juzi bibi alitaka kuweka "kikapu", akakosa K ya pili. Aliumia kweli. Q na X ndiyo kabisa, hazina kazi. Wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu mstaafu:
Pole kwa bibi. Sisi tumekubaliana Q isomeke K, na X isomeke W. Kama programu yenu inaruhusu kubadili idadi ya herufi, ongeza A, I, U, K na M, punguza E. Pia K isiwe na pointi 5 kama herufi adimu, kwetu ni herufi ya kila siku.

Shangazi wa Mombasa:
Na vitenzi je? Kwetu "pika" ikiwa mezani, mtoto anatanguliza "ana", inakuwa "anapika". Mwingine anaongeza W: "wanapika". Hapo ndipo wanapojifunza sarufi bila kufokewa.

Mama wa Tanga:
Asanteni sana! Sisi vitenzi vya hivyo tulivikataa, kumbe tuliwanyima watoto utamu wote. Jumamosi hii bibi anaanza, na Q yake ni K.