Telecaster ya sedo tatu: nibadilishe daraja, sedo au nyuzi?

Solo_Uswazi
Wakuu, habari za jioni. Nina gitaa la umeme la mtindo wa Telecaster, daraja (kile kibati cha mwilini zinapokalia nyuzi) la kizamani: vile vidude vitatu vya shaba vya kubebea nyuzi (sedo), kila kimoja nyuzi mbili. Nyuzi zikiwa wazi tyuna (kile kipima sauti) inakubali zote. Nikipanda freti (vile vyuma vya shingoni) ya 12 kuingia sebene, sauti ya uzi wa tatu inapaa mpaka mpiga besi ananigeukia. Nikirudisha sedo nyuma, wa tatu unatulia ila wa nne unashuka. Nyie mngeanza wapi?

BisibisiMkononi
Kabla hujatoa hata mia, funga nyuzi mpya. Waya uliochoka haupimiki. Halafu linganisha uzi wazi na freti ya 12, ukibonyeza kwa nguvu ileile ya jukwaani. Uzi ukipanda sauti huko juu, sedo irudi nyuma. Ukishuka, isogee kuelekea shingoni. Kila ukisogeza, tuni upya ndipo upime. Cheki na freti ya 1 mpaka ya 3. Kama zinapanda kuliko za juu, daraja halina kosa: mifereji ya kile kifupa cha kichwani haijachimbwa vya kutosha. Hapo muone fundi mwenye tupa zake. Msasa wa kukunja utaiharibu.

DadaRidhimu
Mimi ningeweka uzi wa tatu wa kusokotwa, ule uliozungushiwa waya mwingine. Madaraja hayo ni ya miaka ya 1950, na seti za nyuzi za enzi hizo zilikuwa na wa tatu wa kusokotwa. Ukiweka waya mtupu, unataka sedo iwe nyuma zaidi kuliko uzi wa nne, na wote wamekalia kidude kimoja. Ndiyo maana wanagombana. Kwangu ilimaliza kazi, ila sivuti nyuzi kama nyie masolo.

Benga254
Pole dada, huo kwa solo ni mateso, hauvutiki. Kaka, tafuta sedo tatu zilizochongwa mteremko, kila uzi una pa kukalia. Mwili hautobolewi na mlio wa shaba unabaki. Daraja la sedo sita, kila uzi na yake, ndilo linapima sawasawa kuliko yote, sibishi, lakini linganisha matundu ya skurubu kwanza. Kuna madaraja yasiyolingana na matundu ya zamani, uishie kuchimba mbao.

DadaRidhimu
Basi sawa, masolo 😂

KinandaTu
Na msitegemee usafi wa mbinguni. Freti zimegawanywa kwa mapatano: nusu toni ni senti 100 (kipimo cha sauti, si hela), na ile noti ya tatu ya kodi kubwa (major chord) inazidi ya asili kwa senti kama 14 kwenye gitaa lolote, hata la bei mbaya. Kuna watu wanahangaika na daraja mwaka mzima wakitafuta kisichokuwepo.

Solo_Uswazi
Shukrani wote. Nimefunga mpya, unene 10 kwa 46. Freti za mwanzo ziko safi. Wa tatu bado unapanda juu, si kama mwanzo lakini kwenye sebene unasikika. Nakwenda na sedo za mteremko. Kwa Dar zinapatikana, au mpaka niagize?

BisibisiMkononi
Kabla hujaagiza pima umbali kati ya skurubu mbili za sedo, kwa milimita. Haufanani kwenye madaraja yote.