Kinoo cha zamani kwa wembe wa kukunja: naomba ushauri

Wakuu, nimerithi wembe wa kukunja wa marehemu babu pamoja na kinoo chake. Jiwe ni la manjano iliyofifia, limegundishwa juu ya jingine jeusi. Nadhani ni koticule ya Ubelgiji (jiwe la asili la kunolea). Shida ni kwamba limebonyea katikati na limeshiba mafuta.

Nimelisugua kwa msasa wa maji namba 220 niliouweka juu ya kioo, baada ya kulichora mistari ya penseli. Pembeni mistari imefutika, katikati bado ipo (na mikono imeniisha).

Nikinoa naulaza wembe bapa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, makali yakitangulia. Nywele za mkononi unanyoa, lakini shavuni unakwaruza, hasa upande wa ncha. Nimeupitisha kwenye ukanda wa ngozi mara 50, mgongo ukitangulia, wapi!

Je, nisawazishe mpaka mistari yote iishe, au kibonde hicho kidogo hakina neno? Na mafuta nayatoaje bila kubandua gundi? Msiniambie ninunue jiwe jipya, hilo nimeshaambiwa nyumbani.