Australia bara, Greenland kisiwa: mstari unachorwa wapi?

Msoma_Ramani
Wakuu, naandaa somo la kidato cha kwanza. Australia ina kilomita za mraba milioni 7.7 hivi, Greenland milioni 2.17. Zote zimezungukwa na maji. Kigezo ni kipi hasa? Na hii Zealandia, eneo lililozama karibu lote chini ya bahari, niiweke wapi?

Miamba
Mkuu, hakuna kiwango rasmi cha ukubwa, ukikitafuta utakesha. Anza na ganda la dunia. La bara lina unene wa kilomita 30 hadi 45 kwa kawaida, na mwamba wa graniti kwa wingi upande wa juu. La chini ya bahari ni basalti, zito zaidi, kama kilomita 7 tu. Kisha uliza: je, ganda hilo limejitenga?

Greenland inakwama hapo. Iko kwenye bamba (kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia) la Amerika Kaskazini, na mlango wa bahari wa Nares unaoitenga na kisiwa cha Ellesmere, Kanada, pembamba pake hapafiki kilomita 40. Australia ina ganda lake, na New Guinea imo humohumo. Mlango wa Torres ni maji mafupi tu yaliyofunika nchi kavu ya zamani.

Kokoto
Zealandia: mwaka 2017 mwanajiolojia Nick Mortimer na wenzake walipendekeza ihesabiwe bara. Ina kilomita za mraba milioni 4.9, asilimia 94 zikiwa chini ya maji. New Zealand na New Caledonia ndizo zilizochomoza. Walitaka ganda lizidi kilomita za mraba milioni 1 na liwe na mipaka inayoeleweka. Kwa hiyo Madagaska (587,000 hivi) haifiki.

Mfano wa karibu kwa wanafunzi: Mahé, Shelisheli, ni graniti, kipande kilichomeguka Gondwana, bara kuu la kale. Ngazija ni volkano iliyoota baharini. Vyote visiwa, asili mbalimbali kabisa.

Msoma_Ramani
Sawa. Ulaya je?

Miamba
Hiyo ni mazoea, si miamba. Mpaka wa Ulaya na Asia kwenye milima ya Ural ulishika karne ya 18 kupitia Tatishchev, mwanajiografia Mrusi. Kabla yake wengi walifuata mto Don. Usijaribu kuuokoa kwa mabamba, maana Arabuni na India zina yao, na kipande cha mashariki ya mbali ya Siberia kiko kwenye la Amerika Kaskazini. Bamba la Afrika nalo limebeba sehemu kubwa ya sakafu ya Atlantiki. Wanafunzi huchanganya sana bamba na bara, watenganishie mapema.

Kwenye mtihani waandike mabara saba.