VC10 zetu nne zilizogeuzwa tanka za mafuta angani: nyingine zimeishia skrepa Uingereza na sisi kimyaaa

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema na anayekereka akereke.

Kila ikija habari ya jumuiya ya Afrika Mashariki tunaambiwa umoja, wimbo, pasipoti, sarafu moja itakuja, sawa. Lakini hivi mnajua kwamba mbili kati ya zile ndege kubwa kuliko zote ambazo Kenya, Uganda na Tanzania ziliwahi kumiliki kwa pamoja zimeishia kukatwakatwa kwenye uwanja wa zamani wa jeshi Uingereza, alumini ikaenda kwa wauza skrepa, na hapa kwetu hakuna hata taarifa ya habari ya dakika moja? Naongelea Super VC10, ndege za jeti za abiria zilizotengenezwa Uingereza, za shirika letu la East African Airways (EAA). Sio hadithi za vijiweni, namba zipo.

Zilikuwa tano. 5X-UVA ndio ile iliyopata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakafa, Mungu awarehemu. Zikabaki nne, 5H-MMT na 5H-MOG zenye usajili wa Tanzania, 5Y-ADA wa Kenya na 5X-UVJ wa Uganda. Sasa shika hii, hiyo 5H-MOG ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani, ya 54, ikakabidhiwa kwetu Februari 1970. Ya mwisho duniani ina herufi za Tanzania ubavuni na mtoto wa shule pale Dar hajawahi kusikia!

Na hizi ndege zilitufaa haswa maana VC10 tangu mwanzo ilichorwa kwa ajili ya viwanja vya Afrika, viwanja vya joto na vya juu kama Nairobi ambapo hewa ni nyepesi na ndege nyingine za enzi hizo zilikuwa zinapunguza mzigo ndo zinyanyuke. Injini nne za Conway zote nyuma mkiani, bawa limeachwa safi, inapanda kama imechomwa sindano. Wazee waliofanya kazi Embakasi wanaujua ule mlio mpaka leo.

1977 jumuiya ikavunjika, shirika likafa nayo, ndege zikarudi kwa mtengenezaji. Hapo siwalaumu Waingereza hata kidogo, ugomvi ulikuwa wetu na madeni yalikuwa yetu. Jeshi lao la anga likazinunua, likazipeleka kiwandani Filton, Uingereza, zikafumuliwa ndani. Pale walipokuwa wanakaa abiria wa Nairobi kwenda London viti viling'olewa vyote, yakafungwa matanki matano ya mafuta, mapipa makubwa ya duara yamejipanga kuanzia mbele mpaka nyuma, ukiingia huoni tena kabini, unaona ghala. Chini ya kila bawa wakaweka mashine ya kukunjua mpira wa mafuta, na ya tatu chini ya mkia, ule mpira mwishoni una kitu kama kikapu ambacho rubani wa ndege ya kivita anakilenga na mrija wake huku zote ziko angani zinakimbia. Wakazipa namba ZA147 mpaka ZA150 na jina jipya la K3. Skwadroni ya 101, kambi ya Brize Norton kule kule Uingereza. Vita ya Ghuba ya 1991 skwadroni hiyo ilikuwa Saudia inanywesha ndege za kivita mchana na usiku. Yaani zimefanya kazi ya tanka karibu miaka 30, zaidi ya mara mbili ya muda zilizofanya kwetu!

Tarehe 20 Septemba 2013 ikawa kazi ya mwisho ya VC10 kwenye jeshi lile. Na ndege mbili zilizopewa heshima ya kuruka siku hiyo ni ZA147 na ZA150. Rudi kwenye usajili wa zamani uone ni zipi. 5H-MMT na 5H-MOG. Zote mbili za Tanzania! Nilipolifahamu hili nilitamani kumpigia mtu simu nimwambie ila nani ningempigia?

Siku chache baadaye MMT ikatua Bruntingthorpe, ule uwanja wa zamani wa jeshi, ile ilikuwa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani, na huko huko ikavunjwa. UVJ ilikuwa imetangulia huko huko, nayo ikavunjwa. Kama hujawahi kuona picha za uvunjaji kaa mbali nazo, kijiko cha katapila chenye meno kinang'ata paa la kabini, nyaya zinaning'inia kama matumbo, madirisha yanadondoka moja moja kwenye tope. Ile 5Y-ADA ilipelekwa Newquay kwenye makumbusho ya watu binafsi na makumbusho yenyewe yakafungwa 2022. MOG yenyewe ilibaki nzima, kwenye uwanja wa ndege wa Dunsfold chini ya Makumbusho ya Brooklands, wazee wa kujitolea waliiwasha injini kwa miaka bila kulipwa, na uwanja wenyewe ulishapewa kibali cha kujengwa nyumba 1,800. Mnaelewa maana yake?

Halafu angalieni wenzetu. Sultani Qaboos wa Oman alikuwa na VC10 yake, alipoachana nayo 1987 akaipeleka Brooklands kwenyewe, ipo mpaka kesho na rangi zake na watoto wa Kiingereza wanapanda wanaambiwa hii ilikuwa ya Oman. Sisi tulikuwa nazo tano.

Sasa kinachoniuma zaidi. Kuna ofisi moja ya umma sitaitaja, niliingia kuulizia kama wana picha au karatasi za shirika, dada wa mapokezi akanituma kwa mzee mmoja, mzee akaniambia "kijana andika barua", nikaandika, nikarudi, wananiambia barua haionekani na aliyekuwa anahusika kahamishwa. Mtu mwingine pale kaniambia kabisa usoni, "ndege mbovu hizo unazitakia nini?" Mbovu? Imeruka mpaka 2013 unaita mbovu?

Na msije na ile ya "hatuna hela za kuleta ndege". Sijasema mlete ndege ya mita 52. Zilipokuwa zinavunjwa kilichohitajika ni barua moja kutoka makao ya jumuiya Arusha au wizara yoyote ya nchi tatu, kuomba mlango mmoja, usukani, kipande cha ubavu, kiwekwe hata ukumbini watu wakione. Vichwa vya ndege za aina hii vinauzwa kwa watu binafsi kule, watu wanaweka uani kwao! Tumeshindwa hata mlango?

MOG bado ipo. Wabunge wa EALA, Bunge la Afrika Mashariki, mnaopita humu kimya kimya, andikeni Brooklands wiki hii, waulizeni mpango wa ile ndege ni nini na Afrika Mashariki inaweza kusaidia wapi, kabla matingatinga ya nyumba hayajaifikia.

Na wewe ambaye baba au mama alikuwa fundi, rubani au mhudumu wa EAA na kuna albamu inaliwa na mchwa juu ya kabati, piga picha zile kurasa uweke hapa chini, anza na mwaka na jina la kituo. Nitazikusanya mwenyewe.