Jaribio la kutambua wasiojua kusoma na kuhesabu darasa la tatu: linapimwaje, na makundi yanapangwaje?

MwlDarasaLa3 aliuliza:

Wadau, habari za kazi. Darasa la tatu lina wanafunzi 94, mikondo miwili, na walimu watatu walio tayari kushiriki. Shule imetenga saa moja kila siku kwa vipindi rekebishi vya kusoma na kuhesabu. Alama za mtihani wa muhula zipo, ila zinaonyesha tu nani kafeli. Naomba mwenye uzoefu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anieleze: jaribio la kuanzia liwe na nini ndani, mtoto mmoja achukue dakika ngapi, mstari wa kugawa makundi upite wapi, na jaribio lirudiwe baada ya muda gani? Mwalimu mkuu naye anataka matokeo kwa asilimia.

SilabiKwanza:

Mwalimu, anza kwa kuweka alama za muhula kando. Mtoto asiyejua kusoma hupata 12 kati ya 50 kwa kubahatisha a, b, c, au kwa kuchungulia kwa jirani. Anayesoma vizuri ila anaandika taratibu naye hupata 12 hiyo hiyo. Kusoma kunapimwa mtoto mmoja mmoja, kwa sauti, mbele ya mwalimu. Hakuna njia ya mkato hapo.

Andaa karatasi mbili: ya mtoto yenye maandishi makubwa, na yako ya kutia alama. Ngazi zinazotosha ni silabi, maneno, aya na hadithi. Ngazi za namna hii ndizo Uwezo, mradi wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, wametumia Tanzania, Kenya na Uganda, kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili. Wao hupita nyumba kwa nyumba kupata picha ya nchi, wewe unatafuta picha ya mtoto mmoja, kwa hiyo silabi usiziruke, maana Kiswahili hufundishwa kwa silabi.

Silabi ziwe 10 na ziwe zimechanganywa: *ke, mu, so, ta, nya...* Ukiziandika *ba be bi bo bu* ataimba bila kutazama karatasi. Akipata 8 amevuka. Maneno nayo 10, avuke kwa 8. Anza na aya. Akiisoma vizuri mpandishe kwenye hadithi, akikwama mshushe kwenye maneno, kisha silabi. Hivyo hupotezi dakika tatu za silabi kwa mtoto anayesoma gazeti.

Aya utunge mwenyewe. Ya kitabuni wengi wameikariri, na ukitaka kuhakikisha, ziba mstari wa juu kwa kiganja na umwonyeshe neno la katikati. Mfano wa maneno 25:

*Juma ana mbuzi wanne. Kila asubuhi huwapeleka kisimani kunywa maji. Leo mbuzi mmoja hakunywa. Juma alimwita babu. Babu aliona mwiba kwenye ulimi wake. Wakautoa polepole.*

Tuseme mtoto kasoma hivi: «Juma ana *mubuzi* wanne. Kila asubuhi huwapeleka kisimani *kunwa* maji. Leo *mubuzi* mmoja *hakunwa*. Juma alimwita babu. Babu aliona *muiba*...» na kamaliza kwa sekunde 48. Makosa 5, sahihi 20. Zidisha kwa 60, gawa kwa 48: maneno 25 sahihi kwa dakika. Namba hiyo iandike, lakini chenye thamani ni yale makosa matano. *Huwapeleka* kaisoma, *kisimani* kaisoma, kwa hiyo silabi nyepesi anazo zote. Shida ni *mb, nyw, mw*. Huyu anahitaji wiki mbili za konsonanti mwambatano. Ukimrudisha kwenye a, e, i, o, u pamoja na wasiojua herufi, umempotezea muhula.

Kabla ya kuhukumu, mwonyeshe picha ya mbuzi umuulize ni nini. Akisema «mbuzi» lakini akasoma «mubuzi», ni kusoma. Akisema «mubuzi» hata kwa mdomo, ni matamshi ya kwao, usimhesabie kosa. Hali kadhalika *l* na *r*: anayesema «lafiki» siku zote, akisoma *rafiki* kama «lafiki» amesoma sahihi.

VijitiKumi:

SilabiKwanza kamaliza upande wa kusoma. Mimi niingie kwenye hesabu, ambako wengi hupima majibu tu na kusahau njia.

Sehemu ya kwanza ifanywe na darasa zima, dakika 10, kwa imla ya namba: 7, 14, 40, 68, 205, 340, 407. Wapo watakaoandika 2005 kwa «mia mbili na tano», yaani 200 kisha 5, kama walivyosikia. Hao hawajashika thamani ya nafasi, na kujumlisha kwa kubeba hakutaingia hata ukifundisha mwezi mzima. Angalia pia makumi. Kiswahili kinamsaidia mtoto kwenye *kumi na tatu*, kwa sababu jina lenyewe linasema 10 na 3. Kuanzia ishirini msaada unakatika: *thelathini* haifanani na tatu, *arobaini* haifanani na nne, *hamsini* haifanani na tano. Anayechanganya 30 na 40 mara nyingi tatizo lake ni jina, na dawa ni kumwacha aseme «makumi matatu, makumi manne» huku akishika mafungu ya vijiti kumi kumi, halafu umpe jina rasmi.

Sehemu ya pili ni ya mtoto mmoja mmoja, dakika 3: ipi kubwa, 69 au 71? 8 + 5, 34 + 28, 63 − 28, 4 × 3, na fumbo moja la maneno. Fumbo umsomee wewe. Ukimwachia alisome, aliyeshindwa kusoma ataonekana kashindwa hesabu.

Kando ya kila jibu andika herufi moja: V kwa vidole au vijiti, K kwa kichwani. Kwenye 8 + 5 tazama anaanzia wapi. Anayehesabu vidole vyote kuanzia moja na anayeanzia nane kuendelea mbele wote hupata 13, lakini wako mbali sana.

Majibu yenye makosa ni hazina, usiyafute. 34 + 28 = 512 maana yake kajumlisha mamoja akapata 12, makumi akapata 5, akabandika. 63 − 28 = 45 maana yake kila nafasi katoa ndogo kutoka kubwa: 8 toa 3, 6 toa 2. Huyu wa 45 anajua kutoa, asichojua ni kufungua fungu la kumi. Mpe mafungu 6 na vijiti 3, mwambie atoe 28. Atalazimika kufungua fungu mwenyewe.

Mratibu_Taaluma:

Naongezea muda na makundi. Kusoma na hesabu za mtoto mmoja zikichukua dakika 5, watoto 94 ni dakika 470. Kwa walimu watatu ni kama saa 2 na dakika 40 kila mmoja. Igawe siku tatu, asubuhi, chini ya mti au ofisini, mbali na masikio ya darasa. Watoto wanaosubiri wakisikia aya, wa ishirini atakuwa ameshaikariri, kwa hiyo andaa aya tatu uzizungushe.

Kabla ya kuanza, walimu wote watatu wapime watoto watano wale wale pamoja: mmoja anauliza, wote mnatia alama kimya, kisha mnalinganisha. Kinachowagombanisha huwa mtoto aliyejisahihisha. Kubalianeni kabisa kwamba aliyejisahihisha kapata, na aliyekaa kimya sekunde 3 anaambiwa aendelee na neno linalofuata, nalo linahesabiwa kosa.

Kwa makundi, tuseme mmepata idadi hii ya watoto kwa ngazi: wasiofikia silabi, 11; silabi, 19; maneno, 24; aya, 22; hadithi, 18. Wale 30 wa chini wapewe mwalimu hodari kuliko wote wa kufundisha herufi. Kosa la kawaida ni kuwapa mwalimu wa kujitolea kwa kuwa «ni kazi rahisi». Wa maneno na aya, 46, wachukuliwe na mwalimu wa pili. Wale 18 wanaosoma hadithi wapewe vitabu na kazi ya kuandika, na mwalimu wa tatu awasimamie huku akiwachukua watano watano kutoka lile kundi la 46. Wapangeni upya kwa hesabu, kwa sababu anayesoma hadithi anaweza kuwa hajui 63 − 28.

Mikondo ichanganywe saa hiyo. Pratham, shirika la elimu la India, hufanya hivyo hivyo katika mbinu yao ya kufundisha kwa ngazi ya mtoto: darasa la tatu, la nne na la tano huchanganywa na kugawanywa kwa kile wanachoweza.

Aliye jirani na mstari, mfano aliyepata maneno 7 kati ya 10, mpimeni tena kesho kwa orodha nyingine. Mkibaki na shaka, mwekeni kundi la chini, maana kutoka huko ni wiki mbili tu. Anayeachwa juu kimakosa ndiye hujificha hadi darasa la saba.

MwlDarasaLa3:

Asanteni sana. Bado mawili. Wapo wanaosoma mbio kama redio, ukiuliza swali wanakutazama. Na hiyo asilimia ya mwalimu mkuu?

SilabiKwanza:

Wanaosoma mbio: wasomee wewe aya nyingine, kisha uulize. Kwa ile ya mbuzi swali moja liwe la wazi, «Mbuzi walikuwa wangapi?», na moja la kufikiri, «Kwa nini mmoja hakunywa?» Akijibu anaposikiliza lakini hajibu anaposoma, akili yote inaishia kwenye kutamka, mpunguzie mwendo na umsimamishe kila sentensi. Asipojibu kote kuwili, rudia swali kwa lugha ya nyumbani kwake. Akijibu kwa Kisukuma au Kimaasai, anachokosa ni msamiati wa Kiswahili, na kumwongezea silabi hakutamsaidia.

Kasi isikutishe. Kenya waliweka kigezo cha maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili, na hiyo ni haki: *huwapeleka* ni neno moja kwetu. Viwango vya Kiingereza msivilete darasani. Na saa ishikwe chini ya meza, mtoto akiiona anakimbia na kuruka maneno.

VijitiKumi:

Hapo kwenye saa tutofautiane kidogo. Kwa kupanga makundi mimi nisingeitumia kabisa, ngazi inatosha. Ije kwenye aya na hadithi tu, na kwenye hesabu isiguswe, maana anayetumia vijiti ataviacha aanze kubahatisha.

Mratibu_Taaluma:

Mwalimu mkuu mpe jedwali la idadi: kila ngazi wangapi, mwezi huu na mwezi uliopita. Mkigeuza kuwa asilimia ya ufaulu, alama zitaanza kupanda zenyewe bila watoto kujifunza, hasa kama mwalimu wa darasa ndiye anayepima na ndiye atakayeulizwa. Upimaji wa kati ufanywe na mwalimu wa mkondo mwingine.

Kurudia: kundi la chini kila wiki mbili, dakika moja kwa mtoto, ngazi yake tu. Wote kila wiki sita, kwa aya mpya. Aya mpya ilingane na ya kwanza: maneno 25, mwambatano idadi ile ile. Wape watoto wanane zote mbili. Kama wengi wanafanya makosa mengi zaidi kwenye moja, ibadilisheni. Anapanda ngazi aliyevuka mara mbili kwa maandishi tofauti.

Ambaye hajasogea baada ya vipimo vitatu, fungua kwanza daftari la mahudhurio. Akiwa anakosa siku mbili kila wiki, zungumzeni na mzazi kuhusu hizo siku. Akiwa yupo kila siku, mtazame anavyoshika karatasi, kama anaisogeza puani au anageuza sikio moja ukimwita, na apelekwe kituo cha afya akapimwe macho na masikio kabla hamjamwandikia kwamba ni mzito.