Shamba la kikundi Pemba: mwaka tuupangeje, na tugawane vipi wakati wengine wako karafuuni?

MamaBondeni (Wete)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba ushauri kwa wanaokijua kilimo cha visiwani, na khasa kwa waliowahi kulima pamoja na jirani zao.

Sisi ni kikundi cha mtaa mmoja hapa Wilaya ya Wete, wanawake wengi kuliko wanaume. Ardhi ni eka tatu alizopewa baba wa mwenzetu mmoja baada ya Mapinduzi. Warithi wametukubalia tulime, na tumeandikiana mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa. Mikarafuu iliyo juu ni yao, haimo katika makubaliano. Sisi tuna kipande cha kati chenye udongo mwekundu wa kinongo, hapo tunatia muhogo, migomba na mboga, na chini tuna bonde la mpunga wa mvua.

Mwaka wetu unakwenda hivi. Kaskazi ikianza kulegea tunafyeka na kuburuga bonde, yaani kulitifua kwa jembe. Mvua za mwanzo za masika zikishuka, mwezi wa Machi, tunapanda. Aprili na Mei ni palizi tu, maana magugu ya bondeni yanafanana na mpunga mchanga na kazi hiyo haiharakishwi. Mpunga ukichanua tunaanza kuamia ndege, yaani kuwafukuza, alfajiri kabla watoto hawajenda skuli na tena alasiri. Mwisho wa Julai na Agosti tunavuna, tunapura, tunapepeta. Wakati huo sote tupo, na mtu akipita barabarani akasikia nyimbo za wapuraji hatadhani kama kikundi hiki kina ugomvi.

Kisha karafuu zinaiva. Anayeijua Pemba hahitaji kuelezwa. Karafuu inataka ichumwe inapoanza kupiga wekundu, kabla ua halijafunguka, na mchumaji anapata pesa yake mkononi. Ndiyo pesa ya bati, ya harusi, ya sare za watoto. Wanakwenda wanaume, wanakwenda vijana, wanakwenda na wanawake wenye nguvu. Shambani wanabaki watu wazima na waliojifungua karibuni. Hao ndio wanaomwagilia tungule (nyanya), wanaopalilia muhogo na kuwafukuza tumbili. Mvua za vuli zikifika Oktoba matuta hayajapigwa, na mbegu za vuli zinachelewa kuingia ardhini.

Mwaka jana tulipogawana, walioondoka walidai fungu sawa kwa sababu shamba ni la wote. Waliobaki wakasema hawarudi tena. Nimewapoza, lakini msimu huu nikitazama mikarafuu matawi yamejaa, najua mwezi wa Septemba nitabaki na wachache zaidi.

Nauliza mambo mawili. Tugawane kwa kipimo gani kitakachokubalika na wote? Na baada ya mpunga tupande nini kisichotaka mikono mingi? Tena Ramadhani mwaka huu ilituangukia wakati wa kuburuga, na inarudi nyuma kila mwaka. Wenzetu mnafanyaje?

KijanaMkoani

Dawa ni moja. Asiyelima asile. Andikeni majina, atakayekwenda karafuuni afutwe.

Mzee wa Konde

Waalaykumu salaam, binti yangu. Huyo kijana ana hasira za haki, lakini ukiwafuta wanaokwenda karafuuni Pemba hii utabaki na nani? Unguja ilipopigwa na kimbunga cha 1872 mikarafuu yake mingi iliangushwa, yetu ikasalimika, na tangu hapo nusu ya mwaka wa Mpemba umefungwa kwenye mkarafuu. Huwezi kushindana nayo. Panga shamba liizunguke.

Wazee wetu walihesabu siku kwa miongo, kumi kumi, tangu siku ya Mwaka inayoangukia Julai. Mtu alijua mwongo huu ni wa kupanda, ule ni wa kutayarisha ardhi. Walikuwa wakiweka kazi nzito ya jembe pale ambapo hakuna wito mwingine. Ninyi mnataka kupiga matuta ya vuli Oktoba, na Oktoba watu wako juu ya miti. Matuta hayo yapigwe Agosti, siku zile zile za kuvuna mpunga, wakati nyote mpo na nyimbo zenu.

Na bonde msiliache wazi. Mkishavuna mpunga udongo bado una unyevu, na mvua ndogo za mchoo zikijaalia unaongezeka. Tieni marando ya viazi vitamu palepale. Kikitambaa kiazi kinajifunika chenyewe, palizi moja au mbili za mwanzo zinatosha, na kwa miezi minne mnachimba. Waliobaki watakula matembele wakati wanangoja. Penye unyevu mdogo tieni kunde au choroko. Hayo hayahitaji jeshi la watu. Tungule na mchicha ndivyo vinavyowachosha wenzenu, kumwagilia asubuhi na jioni katika kiangazi cha Septemba kwa ndoo za kichwani. Si kazi ya kumwachia mtu mzima au mwenye mtoto mchanga.

BibiShamba Mstaafu (Unguja)

Mzee amesema kweli juu ya viazi. Nyongeza yangu ni fukusi, mdudu anayetoboa viazi: ardhi ikikauka na kupasuka juu ya tuta, fukusi anaingia kwenye ufa anakifikia kiazi. Waliobaki wapandishie udongo nyufa zinapoonekana, na mkifika wakati wa kuchimba msiviache ardhini mkisubiri bei.

Sasa kugawa. Nimefanya kazi na vikundi miaka mingi, Kaskazini Unguja na huko kwenu pia, na vingi nilivyoviona vikivunjika vilivunjika siku ya mavuno. Kosa linaloviponza ni kuhesabu siku. Mmoja anafika alfajiri, mwengine saa nne, wote wanaandikiwa siku moja. Hesabuni ngwe, yaani vipande vya shamba vilivyopimwa. Chukueni kamba, pimeni ngwe za urefu mmoja, kila anayemaliza ngwe aandikiwe. Kuburuga ngwe moja kuna uzito wake, kupalilia kuna wake, kuamia ndege kuhesabiwe kwa zamu. Uzito mkubaliane wenyewe, mkutanoni, kabla jembe halijaingia ardhini.

Halafu msiweke mazao yote kapu moja. Mpunga una daftari lake, na walioulima wanagawana kwa ngwe zao, wakiwemo hao waliokwenda karafuuni baadaye, maana jasho lao la Aprili lipo. Viazi, muhogo wa vuli na mboga vina daftari jingine. Hapo utaona ugomvi unapungua bila ya kumfukuza mtu. Aliyekwenda karafuuni hakufanya kosa, alikwenda kutafuta riziki. Ila hawezi kudai kiazi ambacho hakukitia udongo.

Mwenye kutaka fungu la vuli na hana nafasi ya kuja, achange pesa za karafuu. Kiasi kitajwe mapema, sasa hivi, kabla ya kuondoka. Pesa hiyo inanunua mbegu na samadi, au inamlipa kibarua wa kumwagilia. Mkishaanza kuitaja Disemba kila mtu atakuwa na hesabu yake kichwani. Na waliojifungua na wagonjwa msiwawekee sifuri, kikundi kinachomwadhibu mzazi hakina maana ya kuwepo.

Muhogo wenu ni mbegu gani? Nauliza kwa sababu ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Shina na majani yanaweza kuonekana mazuri, ukichimba unakuta umeoza ndani. Inzi weupe wanaueneza, na sisi wenyewe tunaueneza zaidi kwa kuomba vipando kwa jirani. Kituo cha utafiti cha Kizimbani, Unguja, kilitoa mbegu nne mwaka 2007, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, ambazo zinastahamili vizuri zaidi kuliko za zamani. Ulizeni kituo cha utafiti cha Matangatuani, kiko karibu yenu.

MamaBondeni

Ahsante sana bibi, na ahsante mzee wangu. Muhogo wetu ni wa kuombana kweli, na baadhi tumechimba tukautupa. Nitalifuatilia hili.

Kuhusu ngwe, nimelipenda, ila kuna tatizo. Karibu nusu ya wanawake wetu wana mwani ufukweni. Siku tukipanga kazi wanakosa, na wengine wanawaona wavivu. Hawa niwaandike vipi?

UmmuMwani (Micheweni)

Dada, hao si wavivu, siku zenu tu zimepangwa na mtu asiyekwenda pwani. Mwani unafanyiwa kazi maji ya bamvua, wakati bahari inapokupwa mbali, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo mwanamke wa mwani yuko ndani ya maji tangu asubuhi na huwezi kumtoa. Maji yakiwa mafu, katikati hapo, yuko huru. Kwa hivyo msiseme kazi ya kikundi ni kila Jumamosi. Semeni ni siku za maji mafu, mara mbili kila mwezi mwandamo. Sisi huku tulipobadilisha hivyo, waliokuwa wakiitwa watoro ndio wanaotangulia kufika. Ngwe za siku nyingine kila mtu anamaliza kwa wakati wake.

Wanaume wenu wakiwa wavuvi waulizeni na wao, maana wengine kaskazi wanakwenda dago, kambi ya uvuvi, wanahamia huko wiki nzima.

Ramadhani nayo msiiogope. Inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo tarehe yake mnaijua kabla. Ya 2027 inatarajiwa kuingia karibu wiki ya pili ya Februari, kwa kuandama mwezi. Basi bonde liburugwe Januari, karafuu zimepungua na watu wamerudi, mkifunga mnabaki na kazi nyepesi tu. Masika yenyewe yatakuja baada ya Idi.

Tena uzuri wake ni soko. Hakuna mwezi unaouza muhogo, ndizi mbichi, maboga na tungule kama huo, hata mtu wa mjini anakufuata shambani. Muhogo mliotia masika hii utakuwa umefika, ukiwa mzima. Maboga tieni mwisho wa Oktoba yale mvua ya vuli. Kitalu cha tungule mwanzo wa Novemba, mhamishe miche Disemba mvua zikielekea kukatika ili ugonjwa wa bakajani usiimalize, na Februari mnaanza kuchuma. Kipande kidogo tu, karibu na kisima.

KijanaMkoani

Nimesoma na nakubali la madaftari mawili, ni zuri kuliko langu. Ila nashikilia neno moja: daftari likae kwa mtu anayebaki. Nilikuwa katika kikundi ambacho mwandishi mwenyewe alikwenda karafuuni na daftari likalala mkobani mwake msimu mzima.

Mwalimu wa Chuoni

Assalaam alaykum. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandika deni hata likiwa dogo, na shirika la shamba lina madeni ya jasho. Someni daftari kwa sauti mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, wapo wasiojua kusoma na wao wana haki ya kusikia walichoandikiwa.

La pili, zaka. Mpunga unaonyeshewa na mvua una moja ya kumi ukifika wasaki tano (kipimo cha zamani cha nafaka), na unaomwagiliwa kwa taabu una nusu ya hiyo. Kama kiwango kinahesabiwa kwa rundo zima la kikundi au kwa fungu la kila mmoja, wanavyuoni wamekhitalifiana. Muulizeni sheikh wenu kabla ya kugawa.

MamaBondeni

Allah awalipe kheri nyote. Hilo la zaka halijawahi kusemwa kikundini, nitamuuliza imamu wetu.

Tuna mkutano Ijumaa baada ya swala. Nitapeleka haya: madaftari mawili, ngwe kwa kamba, siku za maji mafu, matuta yapigwe Agosti, na mchango wa karafuu utajwe kiasi chake siku hiyohiyo. Daftari litakaa kwa mama mmoja wetu, mtu mzima, ambaye mjukuu wake anaandika vizuri. Naona ubishi utakuwa kwenye kiasi cha mchango. Wengine watasema hawajui karafuu zitalipa vipi.

Mzee wangu, marando tuyakate wapi wakati viazi vya watu vimeshachimbwa?

BibiShamba Mstaafu (Unguja)

Mchango wasitaje pesa, wataje ngwe. Mtu aseme nitalipia ngwe sita za vuli. Bei ya kibarua kwa ngwe mtaijua wakati huo.

Mzee wa Konde

Marando usingoje Agosti. Anza sasa hivi kitalu kidogo penye maji, karibu na kisima au ukingoni mwa bonde, tia vipande kutoka shamba lolote lisilo na ugonjwa. Mpaka mpunga uvunwe yatakuwa yameshatambaa. Kateni ncha, urefu wa futi moja hivi, muyalaze kivulini siku moja yalegee, kisha mfukie theluthi mbili tutani. Mkiwa hamna pa kuanzia nitumieni mtu Konde, ninayo.